Tuzo za afya kazini: anayepima vumbi asisahauliwe

Kila mwaka, ifikapo tarehe 28 Aprili, Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani. Maonyesho hufunguliwa, hotuba husomwa, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, hukabidhi tuzo kwa makampuni, viwanda, migodi na taasisi zilizoonekana kufanya vizuri katika kuwalinda wafanyakazi wake. Siku tatu baadaye hufika Mei Mosi, na hapo tena hutolewa tuzo. Wafanyakazi bora wa wizara, mashirika, halmashauri na shule huitwa mbele ya umati, hupewa cheti na bahasha, na hupigwa picha pamoja na mgeni rasmi. Hivyo katika muda wa siku nne taifa humtuza mwajiri kwa ajili ya usalama, na humtuza mfanyakazi kwa ajili ya bidii. Hapana ubaya wowote katika hayo. Lakini kati ya tuzo hizo mbili amesimama mtu ambaye jina lake ni nadra kusikika katika vipaza sauti: yule aliyepima hewa wanayoivuta wafanyakazi, akaonyesha kwa tarakimu kwamba inaua, na akashikilia neno lake mpaka mashine ikabadilishwa.

Mtu huyo hana hata jina lililozoeleka katika Kiswahili. Waingereza na Wamarekani humwita kwa neno ambalo likifasiriwa lilivyo huwa "mtaalamu wa usafi wa kazini", na hapo ndipo balaa linapoanza, kwani neno usafi huwapeleka watu wengi kwenye ufagio, dawa ya kusafishia vyoo na bustani ya maua mbele ya ofisi ya meneja. Yafaa basi aitwe mpimaji wa mazingira ya kazi, kwa sababu kupima ndio uti wa mgongo wa kazi yake. Humfunga mfanyakazi pampu ndogo kiunoni, humbandikia chujio kwenye ukosi wa shati, karibu na pua na mdomo, kisha humwacha aendelee na kazi zamu nzima. Baadaye chujio hilo hupelekwa maabara na kupimwa kwa mizani iliyo nyepesi kupita ya mwuza dhahabu, ndipo ijulikane ni miligramu ngapi za vumbi zilizomo katika kila mita ya ujazo ya hewa. Hupima pia kelele, joto, mitetemo na mvuke wa kemikali. Akishapata tarakimu zake huzilinganisha na kiwango kinachoruhusiwa, na huanza kukitafuta chanzo: je, vumbi linatoka kwenye mashine ipi, na je, mashine hiyo yaweza kufunikwa, kunyunyiziwa maji, kuwekewa bomba la kufyonza, au kuondolewa kabisa na nyingine ikaletwa mahali pake? Barakoa huja mwisho wa orodha yake, si mwanzo.

Daktari humwona mfanyakazi akiwa amekwisha kuugua. Mkaguzi mara nyingi huitwa baada ya mkono kukatwa. Mpimaji huja kabla ya yote hayo, na shida yake iko papo hapo, kwamba akifaulu hakuna kinachoonekana. Vumbi lililozuiwa halina mlio, na mapafu ambayo hayakuharibika hayapigwi picha ya kutolewa gazetini.

Wapo watakaouliza kama jambo hili lina uzito wa kutosha kuandikiwa makala nzima. Jibu limo katika makadirio ya Shirika la Kazi Duniani yaliyotolewa mwaka 2023. Kwa makadirio hayo, kazi huua karibu watu milioni 2.93 kila mwaka duniani. Kati yao, wanaouawa na ajali ni kama 330,000. Waliobaki, yaani watu wapatao milioni 2.6, huuawa na maradhi yanayotokana na kazi. Maana yake ni kwamba kwa kila maiti mmoja anayetolewa chini ya winchi au kifusi, wapo wengine karibu wanane wanaofia vitandani, pengine miaka 20 baada ya kuacha kazi, wakiwa vijijini kwao, mbali na kitabu cha kumbukumbu cha kiwanda. Mwajiri aliyewapa vumbi hilo hasemi uongo anapotamka kwamba kiwanda chake hakikupata ajali mwaka huo. Anasema kweli iliyo ndogo mno.

Nchi nyingine zimejaribu kuwaenzi watu wa kazi hii, na inafaa kuchungulia walivyofanya. Nchini Uingereza chama cha wataalamu wa fani hiyo, kilichoanzishwa mwaka 1953, hutoa zawadi yenye jina la Thomas Bedford kwa makala bora ya utafiti iliyochapishwa katika jarida lao. Nchini Marekani chama cha namna hiyo kiliundwa mwaka 1939, na tangu mwaka 1964 kina tuzo yenye jina la William Yant, rais wake wa kwanza, ambayo hupewa wataalamu wanaoishi nje ya Marekani. Kwa hiyo hata mpimaji wa Tanga au Geita hazuiwi na mpaka wowote kufikiriwa. Zipo na nyingine nyingi, na baadhi yake, kama ilivyo desturi ya vyama vya wasomi popote pale, ni wazee kupeana nishani wao kwa wao. Lakini lipo jina moja katika orodha hiyo ambalo mtu akilifuatilia ataona barabara jinsi tuzo inavyoweza kuwa jambo la maana, na jinsi inavyoweza kuchelewa.

Jina hilo ni Alice Hamilton. Alizaliwa mwaka 1869, akasomea udaktari, na mwaka 1897 akaenda kuishi katika nyumba ya huduma za jamii iitwayo Hull House, katika mtaa wa wahamiaji maskini mjini Chicago. Jirani zake walikuwa vibarua wa viwandani. Aliwaona watu wazima wenye vifundo vya mikono vilivyolegea, wasioweza kuinua kikombe, na wengine waliopooza au kurukwa na akili. Chanzo kilikuwa madini ya risasi, yaliyotumika katika rangi, betri, masinki ya kuogea na vitu vingine visivyo na idadi. Mwaka 1910 serikali ya jimbo la Illinois ilimkabidhi uchunguzi wa maradhi ya viwandani, wa kwanza wa aina yake katika nchi hiyo. Mwaka uliofuata serikali ya shirikisho nayo ikamtuma, ikimpa kazi lakini isimpe mamlaka. Hakuwa na sheria ya kumwingiza katika kiwanda chochote. Mwenye mali akimfungia lango, limefungwa.

Alichokifanya kingestahili kufundishwa katika kila chuo cha ualimu, kwani ni somo la namna ya kupata ukweli mahali ambapo hautakiwi. Alipitia vitabu vya hospitali kutafuta majina ya waliougua. Aliwafuata majumbani mwao, akaketi na wake zao. Aliwauliza madaktari, wauza dawa na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Kwa kila mgonjwa alitaka kujua alikuwa akifanya kazi gani, kwenye mashine ipi, na vumbi lilikuwa likitoka wapi. Makamu wa rais wa kampuni kubwa ya risasi ya Marekani, Edward Cornish, alipokana kwamba wafanyakazi wake walikuwa wakidhurika, na kumwambia alete ushahidi, Hamilton alirudi na watu 22 waliokwisha kulazwa hospitali kwa sumu ya risasi, kila mmoja na kumbukumbu zake. Bwana huyo, kwa sifa yake, hakubisha tena. Aliamuru vumbi lidhibitiwe na madaktari wawekwe viwandani mwake. Tarakimu 22, zilizokusanywa mlango kwa mlango, zilifanya kazi ambayo hotuba zisingeweza.

Je, heshima aliyoipata ilikuwa ya namna gani? Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilimteua kuwa profesa msaidizi wa tiba ya viwandani, mwanamke wa kwanza kufundisha katika chuo hicho. Lakini uteuzi huo uliambatana na masharti: asiingie katika klabu ya walimu, asidai tikiti za mpira, wala asiandamane na walimu wenzake siku ya mahafali. Alifundisha hapo mpaka mwaka 1935, akastaafu akiwa na cheo kile kile alichoanza nacho. Walimu wasomao makala haya, ambao wengine wanajua maana ya kusubiri kupandishwa daraja, hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Jambo kubwa kuliko yote maishani mwake lilikuwa lile aliloshindwa. Mwezi Oktoba 1924 wafanyakazi watano walikufa, na wengine wengi wakalazwa, katika kiwanda cha Bayway huko New Jersey kilichokuwa kikitengeneza kemikali ya risasi ya kuchanganywa na petroli. Mwezi Mei 1925 serikali iliitisha mkutano mjini Washington kulizungumza jambo hilo. Hamilton alisimama upande wa wachache waliosema kwamba sumu hiyo isiruhusiwe, kwani ikishatoka kiwandani na kuingia barabarani hakuna atakayeweza kuizuia. Wenye viwanda walijibu kwamba hakuna uthibitisho wa madhara kwa umma. Wenye viwanda walishinda. Petroli yenye risasi ilienea dunia nzima, na moshi wake ukavutwa na watoto wa kila mji ulio na motokaa, Dar es Salaam ikiwamo. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ilikuwa Algeria, mwezi Julai 2021. Tangu mkutano ule wa Washington ilikuwa imepita miaka 96.

Kama katika mwaka 1925 kungekuwa na kamati ya tuzo iliyohukumu kwa matokeo ya mwaka, mama huyo asingepata hata cheti cha kushiriki. Alikuwa amepoteza shauri, amewaudhi matajiri, na hakuwa na jengo wala mtambo wa kumwonyesha mgeni rasmi. Tuzo kubwa ya tiba ya nchi yake, ile ya Lasker, ilimfikia mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 78. Stempu ya posta yenye sura yake ilitolewa mwaka 1995. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 22 Septemba 1970, baada ya kutimiza miaka 101, na sheria ya taifa ya usalama na afya kazini ya Marekani ilitiwa sahihi tarehe 29 Desemba mwaka huo huo. Leo chama cha wataalamu kina tuzo yenye jina lake kwa ajili ya wanawake wa fani hiyo. Taasisi ya utafiti iliyozaliwa na sheria hiyo, ijulikanayo kama NIOSH, nayo ina maabara mjini Cincinnati yenye jina lake, pamoja na tuzo kwa watafiti wake. Hata hivyo mwezi Aprili 2025 serikali ya Marekani iliwapa wengi wa wafanyakazi wa taasisi hiyo hiyo barua za kuachishwa kazi, na ni baada ya mashauri na kelele nyingi ndipo baadhi yao wakarudishwa. Nchi yaweza kulitukuza jina la mpimaji ukutani huku ikimwonyesha mpimaji aliye hai mlango wa kutokea.

Mwingereza Thomas Legge alilijua hilo kwa namna yake. Mwaka 1898 aliteuliwa kuwa daktari mkaguzi wa kwanza wa viwanda nchini humo, na kwa miaka mingi alipigana na risasi, kimeta na maradhi mengine ya kazini. Mafundisho yake makuu yalikuwa kwamba mpaka mwajiri awe amefanya kila liwezekanalo, mfanyakazi peke yake hana analoweza kulifanya kujilinda. Mwaka 1925 mfalme alimpa cheo cha heshima, akaitwa Sir Thomas. Mwaka uliofuata serikali ya mfalme huyo huyo ilikataa kuridhia mkataba wa kimataifa wa mwaka 1921 uliopiga marufuku rangi nyeupe ya risasi katika kupaka majengo kwa ndani. Legge aliona kwamba hawezi kuendelea kuitumikia serikali iliyokataa jambo aliloliona kuwa dogo kuliko yote yaliyopaswa kufanywa. Alijiuzulu. Watumishi wa umma wanaoweza kufanya hivyo si wengi, wala hapana haja ya kuwataka wawe wengi, maana ofisi zingebaki tupu. Lakini kamati yoyote ya tuzo ingefaa kujiuliza kama orodha yake ina nafasi kwa mtu wa namna hiyo, au ina nafasi kwa wale tu ambao hawajamuudhi yeyote.

Ipo aina ya tuzo ambayo ni afadhali isiwepo. Ni ile ya kuhesabu siku. Kwenye malango ya migodi, viwanda na majengo yanayojengwa huwekwa ubao unaotangaza idadi ya siku zilizopita bila ajali, na pengine hutolewa zawadi siku hizo zikifika mia au elfu. Nia yaweza kuwa njema. Lakini kibarua aliyebanwa kidole siku ya 99, ambaye anajua kwamba akikitaja wenzake wote watakosa zawadi, atakifunga kwa kitambaa na kunyamaza. Hapo tuzo imegeuka kuwa hongo ya ukimya. Tarehe 20 Aprili 2010 wakubwa wa makampuni walikwenda katika Ghuba ya Meksiko kwenye mtambo wa kuchimba mafuta uitwao Deepwater Horizon, na moja ya mambo yaliyowapeleka lilikuwa kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila ajali ya kumlaza mtu nje ya kazi. Usiku huo mtambo ulilipuka na watu 11 wakafa. Mwaka uliofuata kampuni yenye mtambo huo, Transocean, iliwaandikia wanahisa wake kwamba mwaka 2010 ulikuwa mwaka wake bora kabisa kwa usalama, na wakuu wake wakalipwa marupurupu kwa hesabu hiyo. Baada ya watu kukasirika, walizitoa fedha hizo kwa mfuko wa familia za marehemu.

Kama hesabu ya siku yaweza kuficha mlipuko, kwa vumbi ndiyo haioni kitu kabisa. Chembe za vumbi la jiwe zinazofika mwisho wa mapafu ni ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita. Hazionekani kwa macho, haziwashi, wala hazimtoi mtu damu siku ya kwanza. Huingia, hukaa, na kuyafanya mapafu kuwa makovu. Hiyo ndiyo silikosisi, ambayo haina dawa ya kuiponya, na ambayo humfungulia kifua kikuu mlango. Mchimbaji akifika zahanati akiwa anakohoa damu, huandikwa katika daftari la kifua kikuu. Hapo hesabu humtoa katika orodha ya wahanga wa kazi na kumweka katika orodha ya wahanga wa vijidudu.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya vipimo vilivyofanywa miongoni mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tanzania. Kwa wale waliokuwa wakichoronga miamba chini ya ardhi, wastani wa vumbi la silika katika hewa ulikuwa miligramu 16.85 kwa kila mita ya ujazo. Kiwango kinachopendekezwa na NIOSH ni miligramu 0.05. Yaani wachimbaji hao walikuwa wakivuta vumbi mara 337 ya kiwango hicho. Hata waliokuwa juu, wakiponda na kusaga mawe kwenye makarasha, walikutwa na karibu mara nne. Ni walimu wangapi wa sayansi katika mikoa ya dhahabu, ambao baadhi ya wanafunzi wao humaliza darasa na kushuka duarani, wameisikia tarakimu hiyo ya 337? Ni maofisa wangapi wa halmashauri wameibandika ukutani? Matokeo ya mpira wa miguu wanayo yote.

Katika mkonge, zao ambalo kwa miaka mingi lilikuwa fahari ya nchi, hali imepimwa pia. Utafiti uliofanywa mwanzoni mwa karne hii katika viwanda vya mkonge vya Tanzania uliwakuta wafanyakazi wa kukamua majani na wa kupiga brashi nyuzi wakiwa na kikohozi, chafya na kubanwa kifua zaidi ya wenzao wasiokaa katika vumbi hilo. Vizazi vya wakata mkonge na watu wa korona vilijua hivyo bila kuambiwa. Tofauti ni kwamba jambo lililopimwa haliwezi kuitwa manung'uniko ya vibarua.

Sheria haikosekani. Sheria ya zamani ya viwanda ya mwaka 1950 ilipokewa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi namba 5 ya mwaka 2003, na kabla ya hapo, mwaka 1983, Tanzania ilikuwa imekwisha kuridhia mkataba wa kimataifa namba 148 unaohusu uchafu wa hewa, kelele na mitetemo kazini. Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliyaingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za mfanyakazi, sawa na uhuru wa kujiunga na chama na marufuku ya kazi ya kulazimishwa. Kinachopungua ni watu wa kutembea na pampu, na ari ya kuwafanya vijana waitamani kazi hiyo. Mwanafunzi hodari wa kemia leo anataka kuwa daktari, mhandisi au mwanasheria, kwa kuwa hao anawaona wakiheshimiwa. Hajapata kumwona mpimaji wa vumbi akishangiliwa uwanjani.

Hapo ndipo tuzo inapoweza kufanya kazi ambayo mshahara haufanyi. Basi itolewe kwa mtu au kwa kundi la watu waliopima, na isiishie kwa kampuni iliyopimwa. Ihukumiwe kwa tarakimu mbili zilizoandikwa wazi: vumbi, kelele au sumu ilikuwa kiasi gani kabla, na ni kiasi gani baada ya mashine kurekebishwa. Picha za kofia ngumu na fulana zinazong'aa zisihesabiwe. Muda wa kuangaliwa usiwe mwaka mmoja tu, kwani bomba la kufyonza vumbi likifungwa siku ya ukaguzi na kuzimwa kesho yake kwa kubana umeme, tarakimu ya mwaka mmoja itadanganya. Wawakilishi wa usalama na afya, ambao sheria inawatambua, watie sahihi zao kwenye pendekezo, maana wao ndio wanaoivuta hewa inayojadiliwa.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba tuzo ya mtu mmoja mmoja huleta majungu, na kwa hakika inafahamika kwamba katika baadhi ya ofisi cheo cha mfanyakazi bora huzungushwa kama mchezo wa upatu, mwaka huu huyu, mwakani yule, mpaka kila mmoja apate zamu yake. Watasema pia kwamba waajiri ndio wanaolipia mabomba na mashine, hivyo wakinyimwa sifa watanuna. Hoja hii ya pili ina ukweli, na tuzo za waajiri ziendelee. Kiwanda kinachojipamba ili kishinde, kikaweka bomba la kufyonza vumbi kwa sababu tu jirani yake ameweka, kimewasaidia wafanyakazi wake vile vile. Ama hoja ya majungu, tarakimu ndiyo dawa yake. Mfanyakazi bora huchaguliwa kwa maoni, na maoni yana ujamaa na udugu ndani yake. Miligramu kwa mita ya ujazo haina shemeji.

Lakini sababu kubwa ya kumtuza mpimaji ni kumkinga. Mpimaji aliyeajiriwa na kiwanda humpimia bosi wake makosa ya bosi wake. Taarifa yake ikiwa nzuri, husifiwa meneja. Ikiwa mbaya, huingizwa kwenye saraka, na pengine mwandishi wake huhamishiwa stoo. Mtu ambaye jina lake limesomwa mbele ya taifa hawezi kuhamishiwa stoo kimya kimya. Kwa sababu hiyo ingefaa kuwe na nafasi, hata moja kwa mwaka, kwa ajili ya taarifa iliyokuwa sahihi lakini haikufuatwa. Tuzo hiyo ingeumiza, na baadhi ya viti vya mbele vingebaki wazi siku hiyo. Hamilton wa mwaka 1925 angeistahili.

Tuzo yenyewe iwe nini? Friji na magodoro yana raha yake, lakini mpimaji wa wilayani anahitaji pampu, machujio, chombo cha kupimia kelele na nauli ya kupeleka sampuli maabara. Anahitaji pia nafasi ya masomo. Na si lazima washindi wote wawe wenye shahada. Shule nyingi na ofisi nyingi za zamani zina mapaa ya asbesto, ambayo yakikaa salama hayana neno kubwa, lakini yakivunjwa au kukatwa kwa msumeno hutoa nyuzi zinazoleta saratani miaka mingi baadaye. Mwalimu mkuu anayekataa wanafunzi wake wasiyavunje mapaa hayo kwa nyundo siku ya kazi za mikono, akaandika barua halmashauri mara tatu mpaka wakaletwa watu wenye vifaa, amefanya kazi ya fani hii hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Ofisa ugavi anayesoma kwenye karatasi za zabuni kwamba rangi inayonunuliwa kwa madarasa ina risasi, akaikataa ingawa ni ya bei nafuu, naye yumo.

Wagumu zaidi kuwafikia ni wale wa tarakimu ya 337. Mchimbaji mdogo hana kampuni ya kuandikwa katika fomu, hana ofisa usalama, wala hana ubao langoni. Duara lake leo liko hapa, mwakani liko kilima cha pili. Hata hivyo njia ya kupunguza vumbi lake inajulikana tangu karne iliyopita, nayo ni maji kwenye ncha ya chombo cha kuchorongea. Kijana atakayepata namna ya kuyafikisha maji hayo chini ya duara kwa pipa na mpira wa bei ndogo, katika eneo ambalo maji yenyewe hununuliwa kwa dumu, apelekewe mpimaji mwenye pampu, hewa yake ipimwe bila maji na kwa maji, na tarakimu zote mbili zisomwe tarehe 28 Aprili kabla ya jina la kampuni yoyote.